Rada ya ardhini kwenye volkano: inapima nini, na hewa inaidanganyaje

Rada haioni magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Mawimbi yake hugonga uso wa mwamba, au vipande vilivyorushwa hewani, au wingu la majivu, kisha sehemu ndogo sana ya nguvu yake hurudi kwenye antena. Kila kinachosemwa kuhusu yanayoendelea chini ya kasoko, yaani shimo la volkano, hukisiwa kutokana na mwangwi huo. Jambo hili linafaa kushikwa mapema, kwa sababu wengi wakisikia kwamba volkano fulani "inaangaliwa kwa rada" hudhani kuna mtambo mmoja unaopiga picha tumbo la mlima. Mtambo wa namna hiyo haupo. Zipo rada za aina kadhaa, na kila moja imetengenezwa kujibu swali lake. Je, ubavu wa mlima unasogea? Vipande vinatoka kasokoni kwa kasi gani? Wingu la majivu limefika juu kiasi gani? Ukiiuliza rada swali lisilo lake bado itakupa jibu, tena lenye tarakimu nyingi baada ya nukta, na jibu hilo litakupotosha.

Faida yake ni kwamba usiku na ukungu havizuii kazi, na anayepima hukaa mbali na hatari. Kamera hupofuka wingu likifunika kilele, na vilele vingi vya volkano hufunikwa kila siku. Kifaa cha GPS hupima nukta moja tu pale kilipokitwa, na mahali panapohitaji kupimwa zaidi ndipo pasipopandika. Setilaiti ya rada kama Sentinel-1 hupima eneo kubwa kwa ubora mzuri, lakini hurudi juu ya mahali palepale baada ya siku 12, au 6 zikiwa setilaiti mbili. Mlima ulioamka haungoji siku 6. Rada iliyosimikwa chini hurudia kipimo kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, kwa miaka.

Ubavu unaosogea: Stromboli

Stromboli ni kisiwa cha volkano kaskazini mwa Sicilia, Italia, chenye kimo cha mita 924 juu ya bahari. Upande wake wa kaskazini-magharibi una mteremko mkali uitwao Sciara del Fuoco, unaoteremka kutoka kwenye makasoko moja kwa moja hadi majini. Tarehe 28 Desemba 2002 lava ilianza kumwagika kwenye mteremko huo, na siku mbili baadaye sehemu yake iliporomoka baharini na kuzusha tsunami. Maji yalipanda takriban mita 10 juu ya usawa wa bahari na kuvunja nyumba za ufukweni. Kwa kuwa haukuwa msimu wa watalii, hakuna aliyekufa. Swali lililobaki kwa idara ya ulinzi wa raia ya Italia lilikuwa la haraka: je, sehemu nyingine ya mteremko iko njiani? Februari 2003, Chuo Kikuu cha Florence na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Umoja wa Ulaya walisimika pembeni mwa mteremko rada inayotembea juu ya reli, na kazi hiyo imeendelea hapo tangu wakati huo. Hofu yenyewe haikuwa ya kufikirika. Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau nchini Indonesia uliporomoka vivyo hivyo, na tsunami yake ikaua watu zaidi ya 400.

Mtambo wa aina hii hufanya kazi hivi. Antena mbili, moja ya kurusha na moja ya kupokea, husogezwa juu ya reli iliyonyooka yenye urefu wa mita 2 au 3, zikisimama kila baada ya milimita chache. Kila kituo hurusha mawimbi na kurekodi mwangwi. Baadaye kompyuta huunganisha mwangwi wa vituo vyote kana kwamba umepokelewa na antena moja pana kama reli nzima. Ujanja huu ndio unaotoa picha badala ya namba moja. Ubora wa picha kwa upande wa umbali hutegemea upana wa masafa yanayotumika: megahezi 75 hutenganisha vitu vilivyoachana mita 2, na megahezi 150 vilivyoachana mita 1. Kwa upande wa kulia na kushoto hutegemea urefu wa reli na umbali. Reli ya mita 2 kwenye masafa ya gigahezi 17 hutoa pikseli yenye upana wa mita 4.4 ukiwa kilomita 1 kutoka mlimani, na mita 13 ukiwa kilomita 3. Kwa hiyo kuisogeza rada mbali kwa ajili ya usalama kuna gharama yake, na gharama hiyo ijulikane kabla zege halijamwagwa.

Sasa kipimo chenyewe. Wimbi la redio hupanda na kushuka kwa mpangilio usiobadilika, na mahali lilipofika katika mzunguko wake linaporudi huitwa fazi. Kwa gigahezi 17, urefu wa wimbi moja ni milimita 17.6. Wimbi huenda na kurudi, hivyo mwamba ukisogea milimita 8.8 kuielekea rada, safari nzima hupungua milimita 17.6 na fazi huzunguka duara kamili la digrii 360. Digrii moja ya fazi basi ni milimita 0.024. Ukitoa fazi ya picha ya saa nne kutoka ile ya saa tatu, pikseli kwa pikseli, unapata ramani ya mwendo iitwayo interferogramu. Hapo ndipo rada iliyo kilomita nzima kutoka mlimani inapoweza kudai kwamba mwamba umesogea nusu milimita.

Dai hilo lina masharti matatu, na kila moja limewahi kuwapotosha watu.

La kwanza ni mwelekeo. Rada hupima mwendo wa kuisogelea au kuikimbia tu. Mwamba ukisogea milimita 10 kwa pembe ya digrii 60 na mstari wa kutazamia, rada itaandika milimita 5. Ukisogea kukatiza mstari huo kwa digrii 90, itaandika sifuri, na sifuri hiyo itafanana kabisa na sifuri ya mlima uliotulia. Ndiyo maana uchaguzi wa mahali hutangulia kila kitu. Chora kwanza mwelekeo ambao mteremko utaporomokea, kisha tafuta kituo kinachoutazama mwelekeo huo karibu uso kwa uso, chenye mwamba imara chini yake, na kisicho kwenye njia ya mporomoko wenyewe. Masharti hayo matatu mara nyingi hugombana. Ukishindwa kuyatimiza yote, usiache uimara wa chini ya rada, kwa maana rada inayotitia yenyewe huonyesha mlima mzima ukisogea.

La pili ni kuhesabu mizunguko. Fazi hurudi ilipoanza kila baada ya milimita 8.8, na rada haijui kama mzunguko mmoja umepita au mitatu. Kanuni ni kwamba mwendo kati ya picha mbili zinazofuatana usizidi robo ya urefu wa wimbi, yaani milimita 4.4. Rada ya kwanza ya Stromboli ilitoa picha kila baada ya takriban dakika 12. Kwa hiyo mwendo wowote uliozidi takriban milimita 22 kwa saa ungeweza kusomwa vibaya, hata kuonekana unarudi nyuma. Na mteremko unaokaribia kuporomoka hufanya hivyo hasa: huongeza mwendo. Kadiri hatari inavyokaribia, ndivyo kipimo kinavyokaribia ukomo wake. Dawa ni picha za haraka zaidi, au masafa ya chini zaidi yenye wimbi refu, na kila dawa hula sehemu ya ubora.

La tatu ni mwangwi kubaki uleule. Pikseli moja ina mamia ya mawe, na fazi yake ni jumla ya mwangwi wa mawe yote. Yakibaki katika mpangilio wao, picha mbili hulinganishika. Yakivurugika, kwa sababu lava mpya imepita, mawe yamebingirika au majani yamepepewa na upepo, fazi huwa kelele tupu. Wachambuzi hupima ulinganifu huo kwa namba kati ya 0 na 1 na kutupa pikseli zilizo chini ya kiwango walichochagua, mara nyingi mahali fulani kati ya 0.5 na 0.8. Lakini usitupe ramani ya ulinganifu yenyewe. Mahali ulinganifu ulipokufa ghafla kwa umbo la ulimi unaoteremka, hapo ndipo lava inapopita, na utaijua njia yake hata kukiwa na ukungu mzito.

Hewa iliyo katikati

Tatizo kubwa la kila siku ni hewa kati ya rada na mlima. Mawimbi hupita polepole kidogo katika hewa yenye unyevu kuliko katika hewa kavu, na rada husoma ucheleweshaji huo kama umbali. Hesabu yake inatisha. Katika nyuzijoto 20, unyevu hewa ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, mwamba ulio kilomita 1 huonekana umerudi nyuma takriban milimita 1. Unyevu ukipanda kutoka asilimia 60 hadi 70 kati ya asubuhi na jioni, jambo la kawaida kabisa mlimani, unapata sentimita nzima ya mwendo wa uongo, zaidi ya mzunguko mmoja wa fazi. Anayesoma grafu ya rada bila kuisahihisha hewa anasoma hali ya hewa.

Njia ya kawaida ya kusahihisha ni kuchagua eneo la mlima ambalo una hakika halisogei, mwamba mkongwe ulio nje ya sehemu hai, na kulazimisha mwendo wake uwe sifuri. Tofauti iliyoonekana hapo hutolewa kwenye picha nzima, ikiongezwa kulingana na umbali: pikseli iliyo mbali mara mbili hupata sahihisho mara mbili. Hii hufanya kazi vizuri hewa ikiwa sawa kila mahali. Kwenye volkano haiwi sawa. Hewa ya mita 200 juu ya bahari si ile ya mita 900, kwa hiyo sahihisho lazima lizingatie kimo pia, na eneo la rejea liwe na nukta za chini na za juu. Kituo kidogo cha hali ya hewa kinachopima joto, unyevu na mgandamizo kando ya rada husaidia, ila kinapima hewa ya mahali kilipo tu. Hakiwezi kuchukua nafasi ya eneo la rejea.

Mvuke unaotoka kasokoni ni mgumu zaidi. Ukitanda kati ya antena na ukingo wa kasoko, huongeza unyevu wa njia hiyo peke yake, na ukingo huonekana kusogea ilhali umetulia. Ishara mbili husaidia kutofautisha. Mwendo wa uongo hubadilika upepo ukigeuka, na huenda ukatoweka ndani ya saa moja. Mwamba uliosogea kweli haurudi. Pia mvuke hugusa pikseli zote zilizo nyuma yake bila kujali ni mwamba wa aina gani, ilhali mwendo wa kweli hufuata mipaka ya ardhi, kama ufa au ukingo wa lava ya zamani.

Kuna na makosa ya fundi. Nguzo ya chuma ya mita 3 iliyopata joto la nyuzi 15 zaidi hurefuka takriban nusu milimita, kiasi kilekile tunachodai kukipima. Reli ifungwe juu ya zege lililoshikana na mwamba, si juu ya nguzo ndefu, na ifunikwe na kibanda chenye ukuta wa nyenzo inayopitisha mawimbi upande wa mlima. Chumvi ya bahari na asidi ya gesi hula viunganishi vya nyaya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kiunganishi kilichoanza kuoza hakizimi rada. Huteteresha fazi kidogo kidogo, na mtu anaweza kukaa wiki nzima akiwaza mlima unapumua. Kwa ajili ya ukaguzi, weka kwenye mwamba tulivu viakisi kadhaa vya pembe, vile vya bamba tatu za chuma zilizokutana kwa pembe mraba. Kiakisi chenye ubavu wa sentimita 30 tu, kwa gigahezi 17, hurudisha nguvu sawa na shabaha ya takriban mita za mraba 110. Viakisi vyote vikisogea pamoja, kosa liko kwenye mtambo wako.

Kutoa onyo ni kazi nyingine. Njia inayotumika sana kwa miteremko ni kuchora kinyume cha kasi, yaani 1 kugawanya kwa kasi, dhidi ya muda. Mteremko ukiongeza mwendo kuelekea kuporomoka, mstari huo hushuka kuelekea sifuri, na pale unapokadiriwa kugusa sifuri ndipo panapokadiriwa kuwa saa ya kuporomoka. Ni njia nzuri kwa mwamba unaoteleza taratibu. Kwa mlipuko wa ghafla haina msaada. Mlipuko mkubwa wa Stromboli wa 3 Julai 2019 ulioua mtembezi mmoja ulitanguliwa na kutuna kwa mlima kulikopimwa na inklinometa, kifaa cha kupima kuinama kwa ardhi, na kutuna huko kulianza takriban dakika 10 tu kabla. Rada inayohitaji dakika 12 kukamilisha picha moja haiwezi kuwa king'ora cha tukio la dakika 10. Ndiyo maana ving'ora vya kisiwani havikuachiwa rada peke yake. Hutumia inklinometa, na rada inabaki na kazi yake ya kufuatilia saa, siku na miezi.

Vipande vinavyoruka: Etna

Rada ya Doppler haijali kama mlima umesogea. Hutazama hewa iliyo juu tu ya kasoko na kupima kasi ya kinachoruka humo. Kitu kinachoisogelea rada hurudisha mwangwi wenye masafa yaliyoongezeka kidogo, na kinachoikimbia hurudisha uliopungua. Tofauti hiyo ni mara mbili ya kasi kugawanya kwa urefu wa wimbi. Kwa rada ya VOLDORAD ya Ufaransa, iliyobuniwa na wataalamu wa Clermont-Ferrand na yenye wimbi la sentimita 23.5, kipande kinachokwenda mita 100 kwa sekunde hubadilisha masafa kwa hezi 851. Tangu 2009 rada ya aina hiyo imesimama La Montagnola, kwenye ubavu wa kusini wa Etna, volkano ya Sicilia, takriban kilomita 3 kutoka makasoko ya kilele, ikipima chemchemi za lava kila zinapofumuka.

Wimbi refu la namna hiyo lilichaguliwa makusudi. Hupenya wingu zito la majivu na mvua bila kudhoofika sana, likafika kwenye mkondo wa vipande vikubwa. Ukitumia wimbi la sentimita 1 unapata mwangwi wenye nguvu kutoka kwa chembe ndogo, lakini linamezwa njiani na wingu likiwa zito. Hata hivyo rada ndogo za gigahezi 24, zilizotengenezwa awali kupima matone ya mvua na zinazorusha nguvu ya miliwati 50 tu, zimefanya kazi nzuri Stromboli, na huko Merapi nchini Indonesia zimetumika kutambua mawe yanayoporomoka kutoka kwenye kuba la lava. Uzuri wake ni kwamba paneli za sola zinatosha kuziendesha.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua kasi ya rada kuwa kasi ya mlipuko. Rada iliyo chini ya kasoko ikitazama juu kwa pembe ya digrii 15, mkondo unaopanda wima kwa mita 100 kwa sekunde utaonekana kama mita 26 tu. Ni lazima ugawanye kwa sine ya pembe hiyo (uwiano wa trigonometria), na ukubali kwamba mkondo hautoki wima kila mara. Kosa la pili linatokana na mapigo, yaani vipande vifupi vya mawimbi ambavyo rada hurusha kimoja baada ya kingine. Kasi ya juu kabisa inayosomeka bila kujikunja ni urefu wa wimbi mara mapigo kwa sekunde, kugawanya kwa 4. Kwa mapigo 1,000, wimbi la sentimita 5 hukoma kwenye mita 12.5 kwa sekunde, na lile la sentimita 23.5 hufika karibu mita 59. Juu ya hapo, kinachokuja huonekana kinakwenda.

Wingu la majivu: Iceland

Rada za hali ya hewa hazikutengenezwa kwa volkano, lakini ndizo zilizo nyingi, na marubani huzitegemea bila kujua. Eyjafjallajökull ilipofumuka chini ya barafu tarehe 14 Aprili 2010, rada pekee ya kudumu ya Iceland ilikuwa Keflavík, kilomita 155 kutoka kasokoni. Anga la Ulaya lilifungwa kwa siku kadhaa na safari takriban 100,000 za ndege zikafutwa. Kenya iliumia pia: maua na mboga zilizokuwa zikisubiri ndege za kwenda Ulaya ziliharibika, na vibarua wa mashamba ya Naivasha wakakosa kazi.

Keflavík iliona nini hasa? Dunia ni mviringo, na mwale wa rada uliorushwa nusu digrii juu ya upeo huwa umefika takriban kilomita 2.8 juu ya bahari ukiwa umbali wa kilomita 155. Wingu lililo chini ya hapo halikuonekana kabisa. Tena mwale wenye unene wa digrii 1 huwa umetanuka hadi kilomita 2.7 kwa umbali huo, kwa hiyo kimo cha wingu kilisomwa kwa ngazi kubwa, na grafu iliruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila ya kati. Baada ya hapo Iceland iliongeza rada ya pili ya kudumu mashariki mwa nchi na rada ndogo zinazovutwa kwa gari. Ukaribu haununuliki kwa hesabu za kompyuta.

Ukomo mwingine ni mkubwa zaidi. Chembe ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, nguvu ya mwangwi wake hufuata kipenyo kikipandishwa kwa kipeo cha 6. Chembe moja ya milimita 1 basi hung'aa kwenye rada sawa na chembe milioni moja za milimita 0.1. Majivu laini, yale yanayosafiri mamia ya kilomita na kuyeyuka ndani ya injini za ndege, hayaonekani kwa rada ya sentimita 5. Rada huonyesha chembe kubwa zilizo karibu na mlima, na zikishaanguka skrini huwa tupu ilhali hewa bado ina majivu. Skrini tupu haimaanishi anga salama. Hapo kazi ni ya setilaiti na vipimo vya leza. Halafu majivu makavu hurudisha nguvu kidogo kuliko maji ya ukubwa uleule, pungufu kwa takriban desibeli 4, yaani chini ya nusu ya nguvu, na yakivikwa barafu hufanana na mvua ya mawe. Rada zinazorusha mawimbi ya wima na ya mlalo kwa pamoja husaidia kidogo: tone kubwa la mvua hubonyea likawa pana, ilhali majivu hubingirika hewani bila upande maalumu.

Ziwa la lava, na hesabu ya Nyiragongo

Kuna kazi moja ambayo rada hufanya kwa urahisi wa kushangaza: kupima umbali tu. Huko Montserrat, kisiwa cha Karibi, rada ya AVTIS ya gigahezi 94 ilichora umbo la kuba la lava la Soufrière Hills kupitia mawingu, na tofauti kati ya michoro ikatoa ujazo ulioongezeka. Kwenye volkano ya Erebus, Antaktika, rada iliyoelekezwa kwenye ziwa la lava imefuatilia uso wake ukipanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban dakika 10.

Kwa Nyiragongo, juu ya jiji la Goma, njia hii ingefaa kuliko ile ya reli. Ubavu wake wa kusini, ulikopasuka mwaka 1977, 2002 na 2021, ni mrefu na una misitu. Majani huua ulinganifu wa wimbi la milimita 17 ndani ya dakika, na rada ya reli huishia kilomita chache. Mlipuko wa 22 Mei 2021 ulitanguliwa na dalili za matetemeko kwa chini ya saa moja tu. Lakini mwaka 1977 na 2021 ziwa lilitoweka lava ilipotafuta njia ya chini, na mwaka 1977 lilikauka kwa chini ya saa moja. Rada ya gigahezi 24 kwenye ukingo wa kasoko, yenye upana wa masafa wa megahezi 250, hutenganisha umbali wa sentimita 60 kila sekunde. Na hapa hewa haisumbui: mabadiliko ya unyevu ya asilimia 10 kwa umbali wa mita 600 ni milimita 6, si kitu mbele ya ziwa linaloshuka kwa mita. Kinachosumbua ni pembe. Uso laini wa lava ukitazamwa kwa mshazari huakisi wimbi upande wa pili kama kioo, hivyo rada ikae mahali inapoona ziwa kwa mteremko mkali kadiri ukingo unavyoruhusu.

Umeme ndio utakaoamua. Rada, kompyuta ndogo na redio ya kutuma data vikila wati 25, ni saa-wati 600 kwa siku. Mita 3,470 juu ya bahari, ukungu unaweza kuziba jua siku nyingi mfululizo. Akiba ya siku 5 ni saa-wati 3,000, sawa na saa-ampea 250 kwa volti 12, na betri za risasi zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo ni saa-ampea 500: betri tano kubwa za takriban kilo 30 kila moja, kwa mgongo wa wapagazi. Betri za lithiamu hupunguza mzigo huo hadi chini ya nusu, ila zinahitaji kikatishi cha kuzuia kuchaji kwenye baridi ya karibu na sifuri. Masanduku yawe ya plastiki nene, viunganishi vipakwe grisi na kufungwa kwa mpira, kinga ya radi iwe na waya wake wa ardhini, na mlinzi alipwe kila mwezi, maana paneli ya sola isiyo na mlinzi haimalizi msimu. Kiwango cha kutoa onyo kisiwekwe kabla ya kurekodi angalau masika moja na kiangazi kimoja, ili kushuka kwa kawaida kwa ziwa kujulikane na kutenganishwa na kule kunakotakiwa kuiamsha Goma usiku.